Mzazi Alete Kimondo Kingine

Nilikuwa nampimia mteja mchele kibandani kwangu, hapa Tunduma, asubuhi, masomo yameshaanza, nikamwona mwanangu Sekela anakuja na begi mgongoni. Yuko darasa la tano. Saa hizo hapaswi kuwa barabarani.

"Mama, mwalimu amesema nisirudi darasani mpaka ulete kimondo kingine."

"Kimondo gani?"

"Cha shule. Kile cha ofisini. Nimekichubua."

"Kingine nakitoa wapi? Nipande mbinguni nikang'oe?"

"Amesema mzazi atajua mwenyewe."

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Fagio nimepeleka, jembe nimepeleka, likapotea hukohuko nikanyamaza. Lakini kimondo! Mteja alicheka mpaka akamwaga mchele.

Nikamhoji mtoto. Kumbe amelisugua jiwe hilo nyuma ya kisosi cha bibi yangu alichokibeba kwenye begi, likatoa unga mwekundu, akamwambia mwalimu hiki si kimondo. Nilikuwa nimewaka, ila moyoni nilicheka, maana alikojifunzia ni kwangu.

Wenzangu mliokulia kijijini kwetu Igamba, Desemba yetu mnaikumbuka? Mvua imeshika, midomo inanata kwa masuku, yale matunda ya porini, na kila bibi anataka nyumba yake ing'ae kabla ya Krismasi. Rangi ya dukani nani aliijua? Juu ya ukuta ulipakwa udongo mweupe, chini rangi nyekundu, na hiyo nyekundu tuliitafuta sisi watoto korongoni, miguu peku, mawe yamejaa kwenye sketi za shule.

Bibi alikaa mlangoni kwa jiko na kisosi chake kilichovunjika, chenye maua ya bluu. Alikigeuza, akatumia ule ukingo wa chini unaokwaruza. Ungemletea jiwe jeusi linalong'aa kama kiatu cha mchungaji, wala halitazami. "Usiniletee sura yake, niletee unga wake." Analisugua. Jiwe jeusi likiacha mstari mwekundu, linaingia kwenye kinu. Lenye unga wa njano linawekwa kando kwa ajili ya kuchora maua kuzunguka dirisha. Lisiloacha kitu linarushiwa kuku. Halafu kaka yangu Ezekia anapitisha sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Likinata, si la rangi.

Ezekia huyohuyo siku moja aliokota jiwe la njano, linametameta. Kabla hajafika nyumbani alishaniahidi baiskeli, na bibi alishapewa blanketi zito. Bibi akalisugua: unga mweusi. Akaligonga na nyundo: likasagika kama chumvi. "Dhahabu ingebonyea tu, baba," akamwambia. "Hii imekufa." Ezekia alisusa ugali, mpaka aliposikia harufu ya maharage ya karanga. Tulimwita Tajiri mpaka anaoa.

Na kimondo cha kweli, kile kikubwa kilichoanguka huko kwetu, tumekiona, tulipelekwa na shule. Pale kilipokatwa panang'aa kama kisu, chuma kitupu. Sumaku ya Ezekia iling'ang'ania, akaivuta kwa mikono miwili huku mwalimu anampigia kelele.

Watoto wa siku hizi wanalipiga jiwe picha, wanaiuliza simu. Mtoto wa Ezekia simu ilimwambia kaokota almasi. Kilikuwa kipande cha chupa ya soda. Ukimwambia akwaruze, anaonea huruma kucha zake.

Basi nilifunga kibanda, nikaenda shule na Sekela. Jiwe liko mezani, limetandikiwa kitambaa cha kudarizi.

"Mama Sekela," mwalimu akasema, "hili jiwe lina heshima yake. Wageni wanapiga nalo picha."

"Umelijaribu na sumaku, mwalimu?"

"Jiwe la heshima halijaribiwi."

Nilikaa kwenye benchi la nje nikaandika barua, nikampelekea mwenyekiti mkononi:

*Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Shule.*

*Yah: Malalamiko ya mwanangu kufukuzwa darasani kwa sababu ya jiwe.*

*Mimi ni mama yake Sekela wa darasa la tano. Nalalamika kwamba amezuiwa kusoma mpaka nilete kimondo. Naomba arudi darasani kesho. Naomba pia jiwe hilo lijaribiwe kwa sumaku mbele ya wanafunzi wote, naye akiwepo. Likinata kama kile kimondo chetu, nitakubali kosa na nitatafuta kingine, mniambie tu huwa vinaangukia wapi. Lisiponata, lisagwe mpake ukuta wa ofisi, Krismasi imekaribia.*

*Naambatisha kisosi chenye mstari wa unga wake. Naomba kirudi salama. Ni cha marehemu bibi yangu. Zamani tulikigombania watoto kijiji kizima, siku hizi anakitumia mmoja tu, na ndiye huyo mliyemfukuza.*