Mwaka Ambao Sikuwemo

Harufu ya unga wa muhogo uliovundikwa hunitia baridi mgongoni mpaka leo. Watu wengine wa Uvira wakiisikia hukumbuka ugali na ndagala, vile vidagaa vya ziwani, nami nawaonea wivu. Mimi hukumbuka kaye moja ya shule, daftari lenye kurasa mia mbili, iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuzikwa katikati ya gunia la unga nyuma ya mlango wetu wa jikoni, mtaani Kimanga. Niliichomoa siku nilipotumwa kuchota unga. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulikuwa msimu wa mvua, na mito inayoshuka kutoka milimani ilinguruma hivi kwamba tuliongea kwa kupaza sauti hata tukiwa chumba kimoja. Kila asubuhi Mama alivuka mpaka kwenda Bujumbura na vitenge vyake vya kuuza, akarudi jioni. Baba alikuwa machimboni, tukimwona Noeli tu. Aliyetulea kwa kweli, mimi na kaka zangu wawili, alikuwa Faida, dada yetu wa kwanza, yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, msichana wa miaka kumi na sita mwenye midomo mikali na mgongo uliozoea kunibeba.

Kunibeba si maneno ya kupamba. Nilikuwa mtoto wa kuumwa mifupa. Siku nyingine nilicheza kamba na wenzangu, siku nyingine magoti na viwiko viliniwaka moto nikalia mpaka sauti ikaisha, na Faida akanitupa mgongoni, akapanda nami pikipiki kwenda hospitali. Huko waliniongeza damu, wakaniambia ninywe maji mengi, wakanirudisha. Hakuna aliyenieleza ugonjwa wenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nyumbani kwetu maradhi yangu yalifichwa kwangu mwenyewe, kana kwamba nisipoyajua yatachoka yaende zake. Kwa kuwa baridi ilinianzishia maumivu, mama alinivalisha kofia ya sufu ya rangi ya machungwa mwaka mzima, hata jua la saa saba likipasua mawe. Mtaa wote ulinijua kwa kofia hiyo. Niliichukia sana.

Kaye ile ilikuwa riwaya. Wakati huo wasichana wa sekondari walikuwa na mtindo wao: hadithi iliandikwa kwa kalamu ya bic kwenye kaye, ikazunguka kutoka mkono hadi mkono, kila msomaji siku mbili, na mara nyingi jina la mwandishi halikuwepo kwa sababu ndani yake mlikuwa na mapenzi na mama zetu walikuwa na mikono mizito. Hii iliandikwa kwa herufi kubwa tupu, kama za bango la duka, kwa hiyo hata mwandiko haukusema kitu. Niliamini Faida ameiazima kama wengine. Nikawa naisoma kila alipokwenda kuchota maji, nimekaa juu ya gunia, sikio moja likiwa mlangoni.

Jamani, ilikuwa tamu. Msichana aitwaye Estella anakwenda mpakani na jetoni yake, kile kijikaratasi cha kuvukia. Afisa anagonga mhuri bila kuangalia, na gurudumu la tarehe limeteleza miaka kumi na mitano mbele. Estella anapita kizuizi na kujikuta ametokea katika mwaka huo ulioandikwa. Huko anakutana na Landry, kijana mwenye sauti ya kwaya na mashati yaliyopigwa pasi, na wanapendana. Ila wino wa mhuri unafifia. Ukifutika wote kabla hajarudi mpakani, hatarudi tena. Na kila Landry anapomshika mkono, jasho la viganja vyao linafuta tarakimu kidogo. Mimi nilikuwa nikisoma nimeuma kofia yangu, nikimwomba Estella auachie ule mkono, na wakati huohuo nikimwomba asiuachie.

Kisha nikafika sura ya sita. Estella anaamua kwenda kwao. Tangu sura ya kwanza mwandishi alikuwa amesema kwamba Estella ana mama, kaka wawili, na mdogo wa mwisho anayeumwa mifupa na kuvaa kofia ya sufu ya rangi ya machungwa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, nikaona fahari hata. Sasa Estella anaingia nyumbani, miaka kumi na mitano mbele, na wanakula. Mama ana mvi. Kaka wana ndevu na wake. Sahani zimepangwa kwenye mkeka, kila moja imetajwa ni ya nani. Mwenye kofia hayupo. Hana sahani, hana kiti, hatajwi. Na jambo lililonikausha mate ni kwamba Estella hakuuliza. Alinawa mikono akala, kama mtu aliyekwisha kulia siku nyingi zilizopita.

Niliogopa woga ambao sijui kuueleza kwa mtu ambaye hajawahi kujisoma amekufa. Niliacha kwenda ziwani kuoga na wenzangu. Niliacha kuvuka daraja bila kushika nguo ya mtu. Nilipojikwaa niliita jina la Yesu. Siku moja Faida akisonga ugali nilimuuliza, nikijifanya ni jambo la shuleni, kwamba mtu akikosekana mwishoni mwa hadithi, amekwenda wapi. Mwiko ulisimama kwenye sufuria.

“Weye, nani alikuambia mambo ya hadithi?” alisema bila kugeuka. “Uende uulize mwalimu wako.”

Sikumuuliza mwalimu. Nilimwambia Jeannine, rafiki yangu wa darasani, na hilo lilikuwa kosa. Jeannine alitaka kuiona kaye, nikamwibia Faida nikampa, na mama yake akaikuta chini ya godoro. Mama Jeannine alikuwa mwombezi mkuu wa chumba cha maombi cha mtaa wetu, mwanamke mwema kabisa, mwenye kulia akiona mtoto wa mwenzake anaumwa. Lakini kwetu watu wameoteshwa mengi mno na mengi yametimia. Vita vilioteshwa, mafuriko yalioteshwa. Mwanamke huyo alipoona karatasi isiyo na jina la mwandishi, inayotaja miaka ijayo, inayomtaja mtoto wa jirani kwa kofia yake na kisha kumfuta, hakuona riwaya. Aliona unabii. Yale mapenzi ya Landry aliyaruka, nadhani, au aliyachukua kuwa mfano wa Kanisa.

Alikuja nyumbani ameishika kaye kwa mikono miwili, akamsomea mama ile sura ya sahani. Mama alikaa chini sakafuni. “Lisemwalo lipo, mama,” Mama Jeannine alimwambia, “na kama halipo, liko njiani. Lazima tumupiganie huyu mutoto.” Wakakubaliana siku tatu za kufunga, kufunga kavu, bila chakula wala tone la maji, mimi nikiwa kati yao katika chumba cha maombi, kwa sababu, walisema, kifungo cha adui kilikuwa juu yangu. Faida alikuwa shuleni. Aliporudi na kuambiwa, alisema mara moja kwamba haiwezekani, kwamba hospitalini walisema mtoto asikose maji. Mama alimjibu kwamba hospitali haikuona kilichoandikwa.  Nilimwona Faida akiitazama kaye mkononi mwa Mama Jeannine, na nilidhani anaiogopa kama mimi.

Siku ya kwanza nilivumilia. Nilitaka kuvumilia; mimi ndiye niliyekuwa nikifutwa, na akina mama kumi wa chumba cha maombi walikuwa wanalia kwa ajili yangu wakipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka. Siku ya pili saa nne midomo ilipasuka. Saa sita vidole vikaanza kuvimba, kisha lile dudu la maumivu likaamka ndani ya mapaja na kuanza kutafuna. Nilipolia, waliongeza sauti wakasema adui anatoka. Nikawaza ndiyo basi, sahani yangu inaondolewa mkekani sasa hivi, mchana kweupe.

Mlango ukafunguka, akaingia Faida na sare ya shule, ameshika jagi la maji. Alipita katikati yao bila kuvua viatu. Mama alisimama kumzuia.

“Hii kaye ni minye niliandika,” alisema, akijigonga kifua. “Hakuna roho. Ni minye, na bic yangu.”

Hawakumwamini. Akachukua kaye, akaendeleza sura ya mwisho palepale kwa herufi zilezile, mstari mzima, mbele ya macho yao. Mama Jeannine alimuuliza huyo Landry ni nani basi, na Faida akamtaja kijana wa kweli, mwimbaji wa kwaya yetu, akakiri kwamba wanakutana nyuma ya soko. Akina mama walishika vinywa. Mama yangu akamkaribia Faida. Akamuuliza swali moja tu: na mutoto, mbona hayumo?

Faida alinitazama mimi, hakumtazama mama. “Nilimutoa kwa sababu nimechoka naye,” alisema. “Kila siku ni kumubeba tu. Nilitaka hata katika hadithi nipumuzike.”

Kofi alilopigwa na mama nililisikia kwenye meno yangu. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kunifikishia jagi mdomoni, na nilikunywa mpaka maji yakanimwagikia shingoni, na hakuna aliyeninyang'anya. Jioni ile nililazwa, nikaongezwa damu. Kaye ilichomwa uani. Faida alitolewa kwenye kwaya, yule kijana akapelekwa kwa mjomba wake Bukavu, na mtaa ukapata la kusema kwa mwaka mzima: huyo ndiye msichana aliyemwandikia mdogo wake kifo kwa sababu ya uvivu. Hakuandika tena. Nami nilipona woga siku ileile, nikashikwa na kinyongo badala yake. Nilikataa mgongo wake. Nilipoumwa nilimwita mama, au nilijikokota mwenyewe.

Sasa mwaka wa ule mhuri umefika, na tunaishi ndani yake. Nina miaka ishirini na sita. Afisa yule wa mhuri angeuliza, ningemwambia kwamba riwaya ilikosea karibu kila kitu: mama hana mvi nyingi, kaka mmoja tu ndiye mwenye ndevu, ziwa limepanda likala nyumba ambazo Estella alizikuta zimesimama, na hofu zetu za leo ni kubwa kuliko zile za chumba cha maombi; tumekwisha kuikimbia vita tukivuka mpaka mara mbili na magodoro kichwani na kurudi. Nafundisha darasa la kwanza. Ugonjwa wangu naujua jina, selimundu, natembea na chupa ya maji kila mahali. Faida anauza maharage sokoni, ana watoto wanne, na mwezi uliopita, tukichambua maharage yake uani, nilimwambia kwa mzaha wenye miiba kwamba mwaka wake umefika na mzigo wake bado upo.

Hakucheka. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

“Sikukuchoka,” alisema. “Muganga aliniambia minye kule hospitali, kwa sababu ni minye nilikuwa nakuleta. Alisema watoto wa damu hii wengi hawakomae. Mama, muganga hakumwambia. Ile sura niliiandika mara tatu. Unaingia, unakaa, ninakupa sahani. Mara zote tatu niliipasua. Sikuweza kukuona mukubwa, Nsimire. Niliogopa kuandika uongo.”

Nilimuuliza kwa nini basi alisema vile mbele ya watu wote, akakubali kuitwa mchawi wa ndugu yake miaka yote hii, na mimi nikimnunia.

“Ningesema nini? Ningesema kweli, wangekufungisha wiki mbili. Na weye ulikuwa na kiu.”

Tuliendelea kuchambua.  Mwishowe nilimuuliza kuhusu miaka kumi na mitano ijayo, kama akifumba macho ananiona mle.  Faida aliichukua chupa yangu, akaifungua, akanipa ninywe.