Mawe Yaliyofunikwa Kunduchi

Mwezi wa Shaabani watu wetu wanazuru makaburi. Majirani zangu hapa Mbagala wanabeba mafagio, ubani na chupa za maji, wanakwenda kufyeka majani na kuwasomea dua wazee wao. Mimi na mama tunabeba vitu hivyohivyo, lakini hatuelekei makaburini. Tunavuka jiji zima kutoka kusini hadi kaskazini, mpaka kwenye machimbo ya zamani ya kokoto kule Kunduchi, kwa sababu mama yangu mdogo yuko huko, na alama yake pekee ni jiwe.

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Mume wangu alinishauri nisubiri nipoe kwanza ndipo nishike kalamu. Nimesubiri. Mimi si uji.

Mama na mdogo wake walitoka Masasi wakiwa mabinti, wakapanga chumba kimoja Kunduchi, wakaishia kuponda kokoto. Wakati huo nyumba za Tegeta ndiyo kwanza zilikuwa zinaota, na kila msingi, kila nguzo na kila sakafu ilitaka kokoto. Wanaume walichimba ukuta wa mwamba kwa mitalimbo. Wanawake walikaa juu ya ukingo, kila mmoja na jiwe lake la kupondea. Jiwe hilo lilikuwa na ukubwa wa beseni la kufulia, bapa juu, gumu kuliko yale yanayopondwa. Unakaa chini, unalikumbatia kwa miguu, unashika kipande cha mwamba ndani ya pete ya mpira wa tairi ili usijipige vidole, halafu unagonga kwa nyundo. Unagonga leo na kesho na mwaka ujao, mpaka katikati ya jiwe panaingia ndani na kuwa kishimo kama bakuli.

Hakuna kishimo kilichofanana na kingine. Mama mdogo alikuwa mtu wa mashoto, kwa hiyo chake kililalia upande mmoja. Nikiwa mdogo alikuwa ananifichia kipande cha muhogo wa kuchoma humo ndani, anakifunika kwa upindo wa kanga yake, kisha ananiita. "Njoo uone, jiwe langu limetaga." Nilikuwa naamini kabisa. Nilikuwa nayakagua na mawe ya wanawake wengine nione kama nayo yametaga, na wao walikuwa wananifukuza kwa vicheko.

Kulikuwa na desturi pale ambayo hakuna aliyehitaji kuieleza. Jiwe la mtu halikaliwi na mwingine. Akiugua, linamsubiri. Akiacha kazi, anamgawia anayemtaka kwa mkono wake mwenyewe. Akifa, wenzake wanakusanyika na kulipindua, kishimo kikaangalia chini. Walisema wamelifunika, kama unavyofunika sufuria ambayo hakuna atakayepakua tena humo. Jiwe lililofunikwa halikuguswa na mtu, hata kwa kuegemea. Sisi watoto tulikuwa tunacheza kila mahali, tunapanda kila kitu, lakini hayo tuliyazunguka.

Siku ukuta ulipoporomoka, mama yangu alipona kwa sababu yangu. Nilibanwa na haja, akainuka kunipeleka kichakani. Mama mdogo alikuwa ameshuka chini kujaza karai. Tulisikia kishindo, tukarudi mbio, tukakuta vumbi tu. Mwamba mmoja wa pale ukingoni ulibingirika ukapiga jiwe la mama na kuvunja pembe yake, pale pale alipokuwa amekaa muda mfupi kabla. Wanaume walichimba kile kifusi mpaka siku ya pili. Ukuta ukawa unaendelea kumeguka, mwenye machimbo akasema basi, asije akafa mwingine. Mama mdogo hakutolewa. Wanawake walilifunika jiwe lake, mama akaweka ubani, na pale ndipo pakawa kaburini kwake.

Baadaye machimbo yalifungwa. Shimo likajaa maji, majani yakapanda, watu wakajenga pembezoni. Sisi tuliendelea kwenda kila Shaabani, kwa njia ya miguu iliyopita nyuma ya nyumba za watu. Mwaka jana magoti ya mama yaligoma, hatukwenda. Mwaka mmoja tu.

Mwaka huu tulikuta ukuta, geti na bendera.

Mlinzi alitupokea vizuri, siwezi kumsingizia. Alimpa mama shikamoo yake, akatuonyesha dirisha. "Tiketi mnakata pale."

"Tiketi ya nini, baba?" mama akauliza.

"Ya kuingilia, bibi. Hapa sasa hivi ni kivutio cha urithi. Urithi wa machimbo."

Mama akacheka kidogo, akidhani anataniwa. "Mie nimekuja kuzuru. Ndugu yangu yuko humo ndani."

"Anafanya kazi kitengo gani?"

Mama alinitazama, na mimi nikahisi uso wangu unawaka. Nilitaka kumwambia yule mlinzi kitengo gani. Lakini mama alikuwa ameshaanza kuhamisha uzito kutoka goti hili kwenda lile, na pale getini hapakuwa na pa kukaa. Nikakata tiketi. Nimewahi kulipia mambo mengi ya kijinga katika maisha yangu, lakini kulipa kiingilio ili nimwombee dua maiti wangu, hilo lilikuwa jipya.

Ndani tulikabidhiwa kwa dada mmoja wa kutembeza wageni, amevaa fulana ya mradi na kofia. Alikuwa mpole, na hilo lilinitibua zaidi, maana hasira inataka mtu wa kufanana nayo. Alimshika mama mkono kwenye ngazi. Alitupitisha kwenye banda la picha, wanawake wamekaa juani na nyundo zao, chini ya kila picha kumeandikwa "Mponda kokoto". Kisha akatuleta kwenye sanamu ya saruji. Ilikuwa ya mwanamume mwenye kofia ngumu, buti na kifua kipana, ameinua nyundo kama anataka kumpiga mwizi.

"Huyu ndiye mponda kokoto wetu," akasema.

Mama akamtazama yule mwanamume juu mpaka chini. "Kavaa buti," akasema, basi.

Nilikuwa nishaanza kufura, lakini nikajikaza. Tulichokuja kutafuta kilikuwa mbele kidogo, kwenye ukingo. Nilijiambia sanamu wafanye wanavyotaka, picha waandike wanavyotaka, ilimradi jiwe liwepo mahali pake. Mama naye alikuwa ameshatoa kichetezo kidogo cha kufukizia ubani kwenye mfuko na anakifuta kwa kanga huku anatembea.

Kwenye ukingo majani yote yalikuwa yamefyekwa. Udongo umesawazishwa, umewekwa changarawe nyeupe. Palikuwa na paa la makuti, na chini yake mawe yamepangwa duara, na juu ya mawe wamekaa watu. Walikuwa wafanyakazi wa ofisi fulani waliokuja matembezi, wote fulana za rangi moja, wanakula chipsi kuku. Jamaa mmoja hakuwa amekaa. Alisimama na sahani yake, na soda yake ameisimamisha ndani ya kishimo cha jiwe, chupa imekaa humo barabara.

Yalikuwa yale yale mawe. Yote yameinuliwa, vishimo vinaangalia juu.

"Hapa ni sehemu ya mapumziko," yule dada akaeleza. "Tulipoanza kusafisha eneo tuliyakuta yamepinduka hovyo majanini, bibi. Mafundi wakayageuza yakakaa vizuri. Yale yenye mashimo makubwa wakayajaza saruji, wakayasawazisha, ili wageni wakae bila kuumia."

"Yote mmeyageuza?" mama akauliza.

"Yote, bibi." Alisema kwa fahari, na sioni kwa nini asijivune. Wamekuta vitu vimepinduka, wamevisimamisha. Mtu yeyote nadhifu angefanya hivyo. Ndiyo maana sijui mpaka leo nimkasirikie nani, na kwa sababu hiyo nimewakasirikia wote.

Mama akaingia ndani ya lile duara. Akawa anainama mbele ya kila jiwe, anasogeza mtu taratibu, "Samahani mwanangu, inuka kidogo," anapitisha kiganja. Walidhani amepandwa na pepo, au ndiyo sehemu ya ziara, kwa sababu mmoja alitoa simu akaanza kumpiga picha. Mama alikuwa anatafuta kishimo kilicholalia upande. Akapapasa la kwanza, la pili, akaendelea. Mengine yalikuwa na vishimo vyake. Mengine mkono wake uliteleza tu juu ya saruji laini, hauna pa kushika. Saruji, jamani. Mama mdogo aliponda kokoto ili watu wachanganye na saruji hiyohiyo, na ndiyo waliyomzibia nayo.

Alipomaliza duara alisimama katikati, kichetezo mkononi. "Simwoni," akaniambia. Hakusema "silioni". Alisema simwoni.

Nikalipuka. "Nyie mnajua mmekalia nini?" niliwauliza wale wa fulana, na sauti yangu mwenyewe ilinishtua. "Hayo ni makaburi. Kila jiwe hapo mmekalia mtu."

Walibaki na kuku wao mkononi. Yule dada akanisogelea. "Dada, samahani, makaburi yapo kule pwani, yale ya kale yenye minara. Asubuhi wageni hawa wameanzia huko. Kule kweli haturuhusu mtu kukaa wala kugusa."

Hilo ndilo lililonimaliza. Waliokufa zamani hizo, ambao hakuna aliye hai aliyewahi kusikia kicheko chao, wana wa kuwalinda wasiguswe. Siwaonei wivu, wastahiwe wote. Lakini mama mdogo, ambaye bado namsikia akisema jiwe limetaga, amewekewa chupa ya soda. Nikamweleza yule dada. Nilimweleza kwa ukali, tena kwa kurudia, kuporomoka kwa ukuta, kufunikwa kwa mawe, kila kitu, huku mlinzi amekuja kusimama nyuma yangu. Macho ya yule dada yalilengwalengwa na machozi. Akasema atawasiliana na ofisi. Akasema kwa sasa mawe hayo ni mali ya mradi na yeye hana mamlaka ya kumpa mtu.

"Nani kakuomba?" mama akasema. "Sijui yupi ni yupi, nitabeba lipi?"

Akavua viatu, akaweka kichetezo chini, akajifunga kanga kiunoni. Akainama kwenye jiwe lililokuwa karibu naye, lenye saruji. "Shika huko," akaniambia.

Nikashika. Tukalisukuma, likapinduka kwenye changarawe kwa kishindo. Tukaenda la pili. Mlinzi akasema, "Bibi, tafadhali, bibi, wageni watakaa wapi?" Mama hakugeuka. Yule jamaa wa soda aliondoa chupa yake mwenyewe kabla hatujamfikia, akairamba mikono haraka, akakaa pembeni kama mtoto aliyekemewa. Mama mmoja katika wale wa ofisi, mtu mzima, aliweka sahani yake chini akaja kushika upande wangu. Alikuwa na nguvu kunizidi, na mawe mawili matatu aliyapindua karibu peke yake. Mlinzi alishika redio yake ya mawasiliano, akaiangalia, akairudisha kiunoni.

Najua walichofanya kesho yake. Sina haja ya kuambiwa. Wageni lazima wakae mahali.

Lakini siku ile tulizunguka duara lote. Mama alikuwa anahema, jasho limemlowesha, magoti yake yanatetemeka waziwazi, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira bila kuona aibu. Kila jiwe lilipolala alitaja jina la mwanamke mmoja, yeyote aliyemjia mdomoni, kwa kuwa hakujua ni la nani hasa. Kwenye moja alitaja jina la mdogo wake. Kwenye lililofuata akalitaja tena.

Likabaki moja, lenye pembe iliyovunjika. Kishimo chake hakikuwa kimejazwa. Niliinama, nikaingiza vidole chini yake.

Mama akaweka mkono juu ya mkono wangu. "Hilo acha. Hilo langu."

Akakaa chini nyuma yake, taratibu, kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa goti, mpaka akafika. Akalikumbatia kwa miguu yake yote miwili kama zamani. Akaweka kichetezo ndani ya kishimo, akawasha ubani, akasoma dua yake pale, mbele ya changarawe, mlinzi, yule dada na watu wa ofisi waliokuwa wamesimama wote na hawajui waweke wapi mikono.

Alipomaliza alinitazama kutoka kule chini.

"Mkishanizika," akasema, "upite hapa ulifunike. Na kiingilio usilipe."

Nikamwambia sitalipa.