Zawadi ya mama wa macho makavu

Kwa avenue yetu hapa Nyakasanza, ukisikia mutu anabishana kama mwigizaji fulani alistahili zawadi ao hapana, ujue ametoka kwa Mama Micheline. Anauzisha mawese kwa chupa mbele ya nyumba, na vidole vyake viko vyekundu hata siku ya Mungu kanisani. Lakini usimuulize bei wakati anafikiri série yake ya televisheni. Atakuambia kwamba ule tajiri wa jana alicheza na mabega tu, uso ulikuwa umelala, na weye utarudi nyumbani na chupa tupu. Mimi Angèle, mushonaji, tunapakana ukuta kwa ukuta, na amenichosha na hayo maneno miaka mingi. Miye sipendi televisheni. Nilishamuambia, hasikii.

Jambo lingine analojulikana nalo ni kulia. Akifika kwa matanga anatupa kitambaa chini, anaita marehemu kwa jina, anamuuliza watoto amewaachia nani, na hata wanaume wanaocheza karata inje wanafuta macho. Si kazi, hakuna anayemulipa. Analia kwa sababu anaumia kweli, na kwa sababu kwetu mutu akizikwa kimya, watu wanasema hakupendwa.

Bwana yake alishakufa. Mutoto yake Marie-Claire aliolewa mbali, Aru, na anapiga simu wakati wa Noeli. Basi Micheline alikuwa peke yake, mpaka Régine alipokuja kupanga chumba kwa lupango ya Katsuva, kiwanja chenye vyumba vya kupanga, karibu na siye. Régine alitoka pande za Kpandroma, alikimbia vita, akakaa kwanza kwa kambi ya wakimbizi. Mengine hakusema, na siye hatukuuliza. Mji huu kila mutu iko na yake.

Wale wawili walipatana kwa sababu ya série. Jioni, kama panneau ya umeme imekula jua vizuri, wanakaa kwa Micheline, wanaweka CD. Micheline anafasiria Kifaransa, Régine anaangalia nyuso. Série ikiisha wanapika kuku, wanaweka pande moja kwa sahani ya peke yake, hiyo ni zawadi ya mwigizaji, na hakuna anayeigusa mpaka wapatane nani ameshinda. Wanaweza kubishana hadi mchuzi unaganda. Nilikuwa napiga ukuta na kiatu ili wanyamaze. Walicheka zaidi, washenzi wale.

Halafu ikakuja ile série ya mama mwenye kiwanda. Katikati yake mama anapata habari kwamba mutoto wake ameuawa, na yeye anaendelea kukunja nguo. Shati, suruali, shati. Halii hata kidogo. Redio ilitangaza kwamba ule mwigizaji amepewa sanamu kubwa ya dhahabu, na wakubwa wote walisimama kumupigia makofi. Micheline alikasirika utafikiri walimuibia yeye. Régine alisema hajaona mutu anacheza vizuri vile. Walibishana siku na siku, na miye nilikuwa palepale kwa mulango ya Micheline, nimemuletea blauzi yake, alipomaliza maneno.

“Mama anaambiwa mutoto yake amekufa, na macho yanabakia makavu? Ule hakumupenda. Wamunyanganye ile sanamu.”

Régine hakuondoa macho kwa televisheni. Akasema, bila kupandisha sauti:

“Mutoto yangu Camille, siku walikuja kuniambia wamemuua, nilikuwa natwanga muhogo. Niliendelea kutwanga.”

Akavaa sapato zake, akaenda. Miye nilibakia na blauzi mikononi, sikujua niiweke wapi.

Sasa angalia vile Micheline alifanya. Kuomba radhi kwa mudomo kulionekana kadogo sana kwake. Kesho yake muchana alifunga kitenge kiunoni, akaingia kwa lupango ya Katsuva, akajitupa chini mbele ya mulango ya Régine, akaanza kumulilia Camille. Kwa jina. Kwa sauti yote. Alitaka mutoto apate kilio chake, hata kama kimechelewa. Lakini avenue muzima ilikimbilia pale, wamama na mikeka, mumoja na kuni, wanauliza nani amekufa na maiti iko wapi. Na kila mutu akajua kile Régine alikuwa amefunga ndani, na wakaanza kunongonezana: kumbe alikuwa na mutoto, kumbe hakumulilia.

Régine alifungua mulango.

“Umekuja kumulilia mutoto yangu, ao umekuja kunionesha vile mama analiaka?”

Akafunga. Nilimushika Micheline mukono, nikamuinua kwenye vumbi, na kusema kweli nilimutukana njia yote. Mutu mukubwa vile! Lakini nilipofika kwangu hasira ikaisha. Angepeleka nini ingine? Hicho tu ndicho anachojua kutoa.

Tangu siku ile Régine anapita njia ya nyuma, ile ya matope. Micheline alimutumia mawese, chupa ikarudi imejaa. Jioni nasikia kwa ukuta fungu moja tu la série linarudiwa, lile la mama anayekunja nguo, na ninajua anakaa pale peke yake. Inaniuma. Siku moja alinigongea. “Angèle, nimeona. Analia na shingo. Angalia shingo yake. Ile sanamu ni yake kabisa.” Aliniambia miye, mutu asiyejua hata jina ya ule mama. Mwenye kustahili kusikia alikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Na kwa matanga sasa anakaa mudomo umefungwa. Walipomuzika baba ya jirani yetu Fiacre, watu wote walimungojea aanze. Hakuanza. Walisema amekuwa na kiburi.

Juzi Régine alileta jupe, sketi yake, nimupunguzie. Nilimueleza yote ya Micheline bila kuulizwa, vile niko, siwezi kunyamaza. Yule alikuwa anashikashika tu ukingo wa jupe. Halafu akasema:

“Umuambie alie. Miye machozi hayakuja, si kwamba sikumupenda Camille. Yeye yanamukujia. Asiwanyime watu.”

Nilikwenda mbio, sikungoja hata kuzima pasi. Micheline alikuwa mbele ya televisheni, kuku imeiva, haijaguswa. Nikamupa maneno yale neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, macho kwangu.

“Alisema atakuja?”

Nilimuambia hapana, hilo hakusema.

Aliitika kwa kichwa, akapandisha sauti ya televisheni.