Deo aliyelitoboa gari langu pua

Akili imekataa. Jana tulimzika Deo, na leo asubuhi nimempigia simu nimuulize kwa nini breki zangu zinapiga kelele.

Kwa msiomfahamu: Deo alikuwa fundi magari wa mtaa wa Mabanga, hapa Goma, rafiki yangu tangu shule ya msingi, na mgonjwa wa pumu. Fundi mwenye pumu katika mji wa vumbi jeusi. Mungu naye ana utani wake.

Nimesoma rambirambi zenu zote hapa. "Alikuwa mtu wa watu." Asanteni. Nusu yenu mlikuwa mkimwita Papa Kikohozi, na jina hilo nililianzisha mimi.

Volkano ilipolipuka, majivu yaliingia kila mahali, hadi kwenye mboga yetu ya sombe. Jeep yangu ni kuukuu. Ukiwasha feni, vumbi linakutemea usoni, na Deo akipanda alikuwa anakohoa kutoka Kituku hadi Munigi bila kituo.

Siku moja alifungua kile kisanduku cha mbele ya abiria ninamoweka karatasi za gari, akaking'oa chote, akaingiza kichwa. "Njo uone!" Nyuma yake kulikuwa na nafasi ya kuweka chujio la hewa, yaani filtre, imezibwa kwa plastiki tangu kiwandani.

"Gari yako ilizaliwa na pua, ila balisahau kuitoboa!"

Akachukua msumeno wa chuma, akaikata ile plastiki taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Akachomeka filtre aliyoitafuta mwenyewe ng'ambo ya mpaka, Gisenyi.

Nilimcheka mbele ya wateja wake. "Weye Deo, mavumbi ya Goma tunaikula tangu tunazaliwa, leo unaichuja sawa mutu anachuja chai?" Hakukasirika. "Pumua kwanza," akasema, "njo ucheke."

Tulifunga vioo tukaenda hadi Munigi. Hakukohoa hata mara moja. Alitabasamu njia nzima, na mimi nikajifanya sijaona.

Sasa, mnaonijua mnajua pia kwamba mimi sitoi nailoni. Viti vya jeep vina nailoni yake, sofa za nyumbani vilevile. Kwetu hapa, kitu ukikivua nailoni kimeanza kuzeeka. Deo alikuwa ananiuliza: "Na bibi yako, siku ya ndoa ulimutoa mu nailoni kweli?"

Filtre ya kwanza ikawa nyeusi kama tako la sufuria. Wiki hiyo Deo alikuwa kitandani, kifua kimembana, akanituma nikanunue nyingine. "Utaiweka weye mwenyewe, si kazi. Fungula, toa ya zamani, ingiza mupya."

Nikafanya hayo matatu, neno kwa neno.

Kisha waasi wakakaribia mji wa Sake. Mama mkwe wake alikuwa huko peke yake. Deo akaja kwangu, bado amekonda na ugonjwa: "Papa, twende tumulete muzee."

"Na kifua?"

"Si tuko na filtre?"

Tulimpata, na majirani wake wawili aliokataa kuwaacha. Kwenda njia ilikuwa tupu, hata feni sikuwasha. Kurudi ndiyo ilikuwa kazi. Watu na magodoro, mbuzi, pikipiki, malori, vumbi hadi gari la mbele hulioni. Tukafunga vioo, nikawasha feni, mara ya kwanza tangu niweke filtre mpya. Ikanguruma, lakini hewa haikutoka.

Watu watano ndani, jua la saa nane, foleni haisogei. Nikapandwa na hasira. Mbele ya mama mkwe wake nikamwambia: "Ona filtre yako, fundi! Inatupika sawa ndizi!"

Deo aliweka kiganja kwenye tundu la hewa. "Iko kitu inaziba," akasema. "Simama kidogo niangalie. Usifungule kioo."

Nikashusha vioo vyote vinne.

Deo alivuta pompe yake ya pumu hadi ikaisha. Akaendelea kuivuta tupu. Mama mkwe wake alimpepea kwa kitenge, na kila alipopepea vumbi lilizidi. Hospitalini daktari alimgusa shingo, akauliza ndugu wa marehemu ni nani.

Leo, simu ya Deo ilipoita bila jibu, nilishuka nikaking'oa kile kisanduku. Nilitaka kuitoa ile takataka iliyotuangusha na kuitupa njiani.

Nikaikuta nyeupe, safi kabisa. Ilikuwa ndani ya nailoni yake. Niliiingiza na nailoni, kwa mikono yangu hii, ili ikae mpya.

Basi acheni kuniandikia kwamba Mungu amempenda zaidi. Mungu hakushusha vioo.

Mama Baraka, mke wa rafiki yangu, najua unasoma. Jana makaburini uliniuliza kwa nini hewa ilikataa kutoka, nikakujibu: labda Deo aliikata ile plastiki vibaya. Alikuwa bado hajafunikwa, na mimi nikamtwika kosa. Deo hakukata vibaya. Nitakuja nyumbani kwako leo, na ukinifungia mlango utakuwa na haki.

Deo, nimeiweka sasa kama inavyotakiwa. Nimefunga vioo, nimewasha feni, na hewa inatoka safi hadi natamani kupiga kitu. Kazi yako ilikuwa nzuri, fundi. Nilipaswa kukuambia siku ile ya Munigi.

Lala vizuri, ndugu yangu. Nailoni nimeitoa.