Saa Nzima Sakafuni

Kazi yangu ya tatu Dubai ilikuwa ya ajabu kuliko zote: niliajiriwa niwe mpishi, ila nisiwashe jiko. Kumenya, kukatakata, kukaanga, kuonja, yote yangu. Lakini kile kitufe cha moto alikuja kukizungusha madam mwenyewe kila asubuhi, hata kama rangi ya kucha haijamkauka. Siku ya kwanza nilidhani ananiona mshamba nitakayelipua nyumba. Nikanuna. Mimi niliyepika hotelini Voi, niliyepika harusi za ukoo mzima, leo niwashiwe jiko kama mtoto?

Lakini mimi kununa siwezi kwa muda mrefu. Nina ugonjwa wa kutaka kujua. Siku ya tatu nikamuuliza. Madam akacheka, akaniambia ndiyo sheria ya dini yao, kwamba chakula chao lazima mmoja wao awe ametia mkono kwenye moto. Ndipo nikajua kwamba waajiri wangu ni Wayahudi.

Jamani, nilishtuka. Mimi nilidhani Wayahudi ni watu wa kwenye Biblia, kwamba walikuwako na wakaisha, kama Wafilisti. Kumbe wapo, wanalipa bili ya umeme, wanasahau funguo kwenye gari. Nilimwangalia madam akinywa kahawa siku ile kama mtu aliyetoka Yeriko jana yake.

Nyumba ilikuwa Al Warqa, nyumba kama za jirani, haina kibao wala alama mlangoni. Kila Jumamosi asubuhi walikuja watu kusali humo sebuleni: wa benki, wa hospitali, wengine wageni wa hotelini waliopitia tu. Meza ya kulia iliondolewa, viti vikapangwa, na kutoka kabatini kikatolewa kitabu chao kilichoandikwa kwa mkono, kimezungushwa kwenye vijiti viwili na kuvishwa nguo ya mahameli. Kitabu kimevaa! Kuna sala ambazo hazikuanza mpaka watimie wanaume kumi. Mlinzi wetu wa getini, Mganda mcheshi kutoka Mbale, alinipigia simu jikoni kunitangazia: "Leo wako tisa, dada. Chai yako itapoa." Yeye hakushangazwa na lolote. Alisema huko kwao vilimani kuna Wayahudi weusi tele, wanalima kahawa na kufuga kuku. Nikamwambia wacha uongo. Akaapa kwa mama yake.

Katika wale kumi alikuwepo mzee mmoja, mhandisi aliyestaafu, ambaye baba yake alikuwa na duka Nakuru zamani za wakoloni. Alizaliwa huko. Kiswahili alikijua, lakini kile alichojifunza utotoni kwa wapishi na watunza bustani, basi kikawa cha kuamrisha mwanzo mwisho. Lete chai. Funga mlango. Kuja hapa. Mara ya kwanza aliponiambia "Wewe, lete sukari mingi," nilimjibu, "Mzee, Kiswahili chako hakijui tafadhali." Akacheka hadi akakohoa. Tangu siku ile tukawa marafiki.

Kila Jumatano jioni walikuja wachache kujifunza Maandiko. Nilipeleka chai, kisha nikajifanya napanga vikombe ili nisikie. Kwetu mchungaji akisoma tunasema amina. Hawa wakisoma wanagombana! Mstari mmoja unawachukua saa nzima, huyu anapiga meza, yule anasema hapana, kisha wanakula keki pamoja. Msimu ule walikuwa wanamsoma yule mtu mwema aliyepoteza watoto, mifugo na afya yake katika muda mfupi, akakaa majivuni anajikuna vidonda. Nilimjua tangu Shule ya Jumapili. Nilichofundishwa ni kwamba alivumilia. Wao hawakulizungumzia sana hilo la kuvumilia. Waliwazungumzia wale marafiki zake waliokuja kumpa pole, wakakaa naye chini siku saba bila mtu kusema neno. Madam akasema wale marafiki walifanya vizuri mpaka pale walipofungua midomo. Wote wakacheka, na mimi mlangoni nikacheka, ingawa sikuelewa vizuri.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya mapumziko. Nilikwenda Deira kwenye ibada yetu, ukumbi wa kukodi juu ya duka la vitambaa. Baada ya ibada akanijia msichana wa kwetu, mgeni, hana hata wiki mbili Dubai. Akanishika mikono miwili, akaniambia, "Pole sana kwa msiba wa mama."

Nikacheka. Nikamwambia, "Umenifananisha. Mama yangu ni mzima, nimemtumia dawa juzi." Yule binti akaniachia mikono, akaangalia chini.

Nilimpigia ndugu yangu mdogo pale pale ngazini. Hatukuzaliwa wengine, ni mimi na yeye. Akakiri. Mama alikufa mwezi mmoja na siku kadhaa nyuma. Alikwishazikwa. Watu walikuja, walilala matangani, wakarudi makwao. Ndugu yangu akasema mama mwenyewe ndiye aliyeagiza nisiambiwe, nisije nikaacha kazi nikakimbilia nyumbani. Akaniambia, "Usilie, dada. Yameisha. Matanga yameshaanuliwa."

Nikamwambia, "Kwa hiyo kila nilipopiga ukaniambia amelala, alikuwa amelala wapi? Kaburini?" Nikamkatia simu, nikaapa sitamsemesha tena maishani.

Wenzangu wa ibada walinizunguka. Mmoja akasema Mungu ana mpango wake. Mwingine akasema nishukuru angalau nina kazi. Wa tatu akaniambia nijikaze kisabuni. Wote walikuwa wananipenda, na wote nilitamani kuwapiga makofi. Machozi hayakuja. Niliyatafuta nikiwa ndani ya metro hadi Rashidiya, niliyatafuta bafuni, hayakuja. Nilijiona kama mtu aliyefika harusini akakuta wanafagia. Mama yangu, na mimi sina hata tone! Hilo ndilo lililonitisha kuliko kifo chenyewe. Nilianza kuogopa kwamba nimekwisha kupitwa, kwamba nitakaa hivi hivi na jiwe kifuani mpaka nizeeke.

Sikumwambia mtu pale nyumbani. Mimi ni mpishi, madam ni madam. Lakini mkono ulinisaliti. Jumatano jioni mzee wa Nakuru alionja viazi vyangu, akaweka uma chini, akaja jikoni akichechemea.

"Mpishi. Chumvi mingi. Nini mbaya?"

Nikamwambia hakuna kitu. Hakuondoka. Akavuta kigoda, akaketi, akaningoja, na mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamweleza yote, hadi matanga kuanuliwa. Mwisho nikamuuliza kwa hasira, maana sikuwa na mwingine wa kumkasirikia: "Hicho kitabu mnachokigombania kila wiki, kina lolote la kumwambia mtu aliyechelewa kuambiwa?"

Nilitegemea anipe pole tu. Lakini aliuliza siku ngapi, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Iko," akasema. Akanieleza kwa kile Kiswahili chake. Akifa mzazi, mtoto wake anakaa chini siku saba. Habari ikichelewa, lakini siku thelathini hazijapita, bado atakaa siku saba tangu aliposikia. Zikishapita thelathini ndipo asikie, atakaa saa moja tu.

"Saa moja?" Nilipandisha sauti hadi sebuleni wakanyamaza. "Mama amenibeba miezi tisa, amenibeba mgongoni miaka miwili, halafu mimi nipewe saa moja? Hata kuchemsha maharagwe ni zaidi ya hapo!"

Hakunibishia, yeye anayebisha kila kitu. Akasema, "Hii sheria ya sisi, hapana yako. Lakini sakafu iko. Toa kiatu. Kaa chini." Akainuka, akarudi kwenye ubishi wao.

Nilimtukana kimoyomoyo usiku kucha. Lakini neno lilikuwa limeniingia. Kwa nini saa moja? Kwa nini chini? Kwa nini bila viatu? Na mtu akikaa, anafanya nini? Alhamisi asubuhi, samaki wa Ijumaa wameshaoshwa, vitunguu vimekatwa, nimebaki kumngoja madam aje awashe jiko, nikasema liwalo na liwe. Nikavua ndara. Nikakaa sakafuni, kati ya friji na kabati la vyombo vya maziwa, mgongo ukutani. Saa ya kwenye oveni ilisema saa nne na dakika tano. Nilijisikia mjinga.

Mlango ukafunguliwa, madam akaingia. Mfanyakazi amekaa chini saa za kazi, miguu imenyooshwa! Nilianza kuinuka, akanizuia kwa kiganja. Akavua viatu vyake. Akaja akakaa sakafuni kando yangu na gauni lake zuri, akakunja mikono, akanyamaza.

Nikangoja. Mfanyakazi hasemi kabla ya madam, hilo nililifundishwa na ofisi iliyonileta hata kabla sijapanda ndege. Nikasema moyoni, atanipa pole sasa hivi. Hakunipa. Dakika kumi zikapita. Kwetu ukiingia msibani hujavuka hata kizingiti umeshasema pole. Kukaa kimya mbele ya mfiwa ni tusi. Nikaanza kuwaza kwamba amekasirika, labda mzee amemsemea kuwa nilipiga kelele. Robo saa. Labda ananiachisha kazi na hajui aanzeje. Khalas, yamekwisha, nikasema, nitarudi Voi, na Voi kwenyewe sina tena wa kunipokea.

Nusu saa. Jiko liko mbele yetu, baridi, sufuria juu yake. Nilipokosa pa kutazama nikalitazama lile jiko. Nikakumbuka kwamba mama naye hakutaka mtu awashe moto wake. Hata mimi binti yake. Alikuwa akisema nitajaza moshi nyumba nzima. Aliinama yeye, akapepea kwa mfuniko wa sufuria uliovunjika kishikio, na moto ulipokubali alikuwa na mguno wake mdogo wa kuridhika, mmh, kama mtu aliyemshinda mjanja mwenzake. Ule mguno nilikuwa nimeusahau. Niliusikia pale sakafuni Al Warqa, mbele ya jiko la umeme.

Saa nne na dakika hamsini na nane sikuweza tena. "Madam," nikasema, "nimekosa nini?"

Akageuka upesi. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuwa nimeona. "Hujakosa kitu," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe. Kwetu anayekwenda kukaa na mfiwa hafungui mdomo mpaka mfiwa aseme kwanza. Tulijifunza kwa wale marafiki wa yule mtu wa majivuni."

"Loo, madam! Na mimi nilikuwa nakungoja wewe! Mimi ni mfanyakazi wako, nitaanzaje kusema?"

Tulitazamana. Kisha tukacheka, tukacheka vibaya, wanawake wazima tumekaa chini bila viatu tumengojana saa nzima kila mtu kwa adabu yake. Nilipoiangalia oveni nikaona dakika saba tu zimebaki, nikasema, "Saa yangu nimeipoteza yote."

"Hukuipoteza," akasema. "Ndiyo hiyo uliyokuwa unaikaa. Sasa niambie habari zake."

Nikataja jina la mama. Sikuwa nimelitamka tangu Ijumaa ile. Nikasimulia habari za moto na mfuniko, nikafika kwenye ule mguno, nikataka kuuiga, nikashindwa, na hapo machozi yakaja. Nililia kwa sauti, kilio cha kwetu, mpaka mlinzi akaja mbio kutoka getini akidhani nimeungua. Madam hakuniambia nyamaza. Hakuniambia Mungu ana mpango. Na ile saa ilipotimia hakuitazama. Samaki wakaendelea kulala kwenye beseni.

Aliinuka yeye kwanza, ikiwa karibu saa sita, akanishika mkono akaniinua. Kisha akazungusha kitufe cha jiko. Tukapika pamoja.

Alasiri nilikwenda chumbani kwangu nikamtafuta ndugu yangu kwenye simu. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu Ijumaa, makali yote. Kidole kikiwa juu ya jina lake ndipo nikawaza jambo ambalo, Mungu anisamehe, halikunijia hata mara moja wiki nzima: yule naye amefiwa na mama.

Akapokea haraka. "Hallo? Dada?"

"Niko," nikasema. Kisha nikanyamaza.

"Dada? Unanisikia?" Nikaitikia tu, mm. Nilimsikia akipumua. Jogoo aliwika huko nyuma yake, kwenye ua wa mama. Salio langu likawa linakwenda, nikaliacha liende. Mdomo uliniwasha, si mchezo, nikauma kitambaa changu cha kichwani.

"Nilikuwa peke yangu chumbani," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ile ya alipokuwa na miaka saba. "Aliniambia nifungue dirisha. Nilipogeuka alikuwa ameshakwenda. Nimezika, nimelisha watu, nimekudanganya wewe, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza mimi."

Nikavua ndara, nikakaa chini.