Herufi Iliyojificha kwa Shangazi

Harufu ya spiriti hunirudisha katika kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa, malaria iliponimaliza damu. Baba alinipakata kwenye bodaboda kutoka kijijini kwetu Mlali, vumbi jekundu likitufuata nyuma, mama na shangazi wakija na bodaboda ya pili. Viganja vyangu vilikuwa vimepauka kama majivu. Hospitalini akiba ya damu ilikuwa imeisha, kwa hiyo wakapimwa wazazi wangu. Mimi nilikuwa kundi O, baba A, mama B.

"Hawa wote hawawezi kumpa," alisema bwana wa maabara, mtu mnene mwenye sauti ya upole. "O hupokea O tu."

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alisikia jambo jingine kabisa. Kwetu ukoo hufuata baba, na wengi waliamini damu ya mtoto ni ileile ya baba, kama maziwa yanayomiminwa kutoka kibuyu hadi kibuyu.

"A na B," akasema. "Hiyo O imetoka wapi? Wifi, hebu tuambie."

Mama akanifunika shuka hadi kidevuni. Nilikuwa nimefumba macho, nikisikia kila neno. Kufa nilikuogopa, lakini niliogopa zaidi kuambiwa kwamba baba si baba yangu.

Bwana wa maabara akavuta benchi, akaketi mbele ya shangazi. "Mama, kila mtu ana herufi mbili za damu, moja ya mama yake, moja ya baba yake. Akizaa, humpa mtoto moja tu, na hachagui. Sasa, O ni kimya. Ikikaa na A, kipimo husoma A. Ikikaa na B, husoma B. Baba huyu anaweza kuwa na O iliyojificha, na mama huyu vilevile. Mtoto akipata O mbili, ndiye huyu."

Baba, aliyewajua ng'ombe wake hadi bibi zao, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Dada, umesahau yule ndama mwekundu? Mama mweusi, dume jeusi. Si wewe uliyesema amemrudia bibi yake?"

"Mtu si ng'ombe!"

"Basi nipe kidole, mama," akasema bwana wa maabara.

Shangazi akakitoa, midomo ameibenua. Matone yake yakachanganywa na dawa mbili juu ya kigae cheupe, moja ya kugandisha A, nyingine B. Tukasubiri. Hakuna lililoganda.

"O," akasema yule bwana.

Shangazi akakiinamia kigae. "Kumbe imo kwetu," akanong'ona, kisha akakunja mkono wa gauni lake. Damu yake ilipoanza kushuka kwenye mpira hadi mkononi mwangu, alikaa kando ya kitanda akinitania, "Taratibu, usinimalize." Mama akamletea chai. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi.

Leo mimi ndiye ninayedondosha matone juu ya kigae, katika maabara mjini Dodoma, na bado huzuia pumzi nikisubiri. Nikienda Mlali nikamwamkia shangazi shikamoo, yeye hukigeuza kiganja changu kukagua wekundu wake, kama mtu aliyepita kuangalia shamba lake.

"Marahaba," husema. "Damu yangu bado ipo."

Ninajua ile aliyonipa iliisha mwilini mwangu baada ya miezi michache tu. Iliyobaki ni herufi, niliyozaliwa nayo, kutoka kwa watu ambao hata yeye hakuwaona. Sijawahi kumsahihisha.