Mfuko Ambao Baba Aliukataa

Maji yaliyokaa juani kwenye chupa hunuka plastiki, na harufu hiyo ndiyo iliyojaza muhula niliokosa shule nilipokuwa na miaka tisa. Saratani ilikuwa imeota ndani ya nyonga yangu. Madaktari wa Nairobi walinipasua wakatoa uvimbe kadiri walivyoweza, na kilichobaki kikawa cha kuchomwa kwa mionzi. Daktari alituketisha, mimi na wazazi wangu, akaeleza kwamba utumbo ukilala karibu na mahali pale utaungua pia. Alitaka anipasue tena kidogo, aweke mfuko laini wa kuusukuma utumbo juu, kisha autoe matibabu yakiisha. Mama aliitikia kwa kichwa. Baba, mkulima wa Mwala ambaye hakuwahi kulazwa hospitalini hata siku moja, alikuwa akilitazama kovu langu.

"Mlipompasua alilia akiniita mpaka sauti ikakauka," alisema. "Kwa kisu harudi."

"Mzee, utumbo ukiungua, madhara yanaweza kuja hata baada ya miaka mingi."

"Hiyo miaka, Mungu ampe kwanza."

Hakuna aliyebishana naye tena. Ikabaki njia moja: kibofu kijae, kwa kuwa kibofu kilichojaa huinua utumbo kidogo. Tulikaa kwa shangazi huko Athi River, na kila asubuhi kwenye foleni ya hospitali mama alinipa ile chupa, nami nikanywa hadi tumbo likakaza kama ngoma. Nililala peke yangu chini ya mashine, nimebana mapaja, nikisikia mlio wake na kuogopa kujikojolea. Ikizima, mama alinikimbiza msalani, tukicheka wote wawili. Lakini matibabu yalipoendelea nilianza kuhara na kutapika, na maji yakawa hayakai. Siku hizo mama hakucheka. Alinipangusa mdomo akasema, "Mueni, kunywa kidogo tu, mama," na machozi yakimtoka.

Uvimbe ulikwisha na haukurudi tena. Baba alichinja mbuzi, majirani wakaja kuimba. Nilikuwa mtu mzima utumbo uliochomwa na mionzi ulipoanza kuziba, na kisu alichokikataa baba kikanirudia, safari hii kukata kipande cha utumbo wenyewe. Tangu hapo muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, hupita mbele yangu kwenda kwa wengine. Mimi huletewa uji.

Krismasi iliyopita baba aliutazama uji huo kwa muda.

"Mfuko ule ungesaidia?"

Nilitaka kumdanganya. "Pengine, Baba. Si kwa yote."

"Ningejua."

"Uliambiwa. Ulinihurumia."

Alichambua nyama laini kutoka kwenye mfupa wake, akaiweka kwenye sahani yangu. Sasa nina umri aliokuwa nao siku ile, na bado sijaweza kumlaumu. Natamani tu daktari angerudi kumwuliza kesho yake, kovu langu likiwa limefunikwa.